Kisamaki cha Mama Mkwe

Jumatano

Kisamaki kimekufa. Nimekikuta asubuhi kinaelea kwenye pipa la maji ya kunywa.

Mama mkwe alikuja nacho ndani ya dumu kutoka Chemba, alipokuja kutibiwa figo. Kwao wanakunywa maji ya lambo, na maji yasiyo na samaki hawayaamini. Hapa Nzuguni hakugusa maji yetu mpaka alipokitia pipani mwenyewe. Hakifiki hata kidole. Kwetu ziwani ningesema ni mtoto wa ningu.

Daktari amesema anywe maji mengi, kwa hiyo nikakiacha humo, ingawa kila nikichota ya chai nilikuwa naona kinyaa.

Jana mume wangu akatia dawa ya maji bila kumuuliza mtu. Eti usafi.

Nimekifukia kwenye mchicha. Jioni mama akaniuliza, "Mwanangu, yule mwenzetu hajambo?"

"Hajambo, mama."

Akanywa vikombe viwili. Naogopa siku atakayofunua pipa.

Kesho mume wangu ana kazi Makutupora, karibu na bwawa. Nimemwambia safari hii asilete zabibu. Alete kisamaki, na kisizidi kile kwa ukubwa.