Tungule ya Mbegu Aliyoitafuna Nasri

Mama yangu kipenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Nasri kaitafuna tungule ya mbegu! Shangazi yake baba Nasri, tuliyefikia kwake hapa Amerat, aliifunga uzi mwekundu isichumwe, kwa sababu joto la Maskati limepukutisha maua ya miche mingine yote, mche huo tu ndio uliozaa. Nimempangusa Nasri kidevu na kanzu, nikaziokota mbegu moja moja. Shangazi hakukasirika. "Mwanangu, huyu ndiye bwana shamba wetu," kasema, akacheka.

Nikamsimulia zile mbegu tulizokamua kwenye tungule za dukani, tukapanda, zikatoka nyingine ndogo, nyingine chachu, nawe ukasema tumeibiwa. Mama, Shangazi kanambia hatukuibiwa. Zile za dukani ni chotara, na watoto wa chotara hawafanani, kila mmoja humfuata babu yake. Hata za Shangazi zilianza hivyo hivyo. Kila msimu huchagua mche mmoja uliomridhisha, hupanda mbegu za huo tu, na sasa ni mwaka wa tatu, zimeanza kufanana.

Basi usiigeuze bustani yetu banda la kuku kama ulivyosema. Mbegu hizi nnampa jirani wa hapa, Bi Zuwena, pamoja na barua hii, anarudi Unguja leo. Bado mbichi, zianike kivulini. Nikirudi tutachagua wenyewe, hata ikichukua miaka. Nnakubusu mikono, na Mungu akupe... haya, Bi Zuwena ananiita getini, gari linaondoka, wacha nimkimbilie kabla haja—