Nilitaka kumuumbua Teofil

Anca, usinipigie, soma tu. Uso unaniwaka moto.

Unamjua Teofil, yule mgeni kutoka Cluj aliyepewa kazi niliyoingojea miaka mitatu? Kuhamishia kompyuta zote za kampuni kwenye anwani za ndani, zisizofikika kutoka nje? Leo kamaliza. Meneja anamsifu mbele ya watu, mimi roho inaniuma.

Nikaiuliza kompyuta yangu jina la tovuti yetu liko kwenye anwani gani. Ikanipa anwani ya ndani! Anca, sikujizuia. Nikasema wote wasikie: "Hongera, bwana! Umewafungia wateja nje. Aliye Bukaresti atatupata vipi?"

Teofil akajibu kwa upole: "Dada Ruxandra, umeuliza ukiwa ndani ya mtandao wa ofisi. Zima waifai ya simu yako, jaribu kwa bando."

Nikazima. Tovuti ikafunguka. Ikafunguka, Anca! Kumbe kaweka rekodi mbili za jina lilelile: walio ndani wanapewa anwani ya ndani, walio nje wanapewa ya nje.

Nikatafuta kosa lingine, mbele yao! Sikuliona.

Meneja akanigeukia: "Jana Teofil aliniomba wewe uwe msaidizi wake. Nimjibu nini?"

Nikasema naenda chooni. Bado niko huku.