Baraza Isiyo na Msumari

Likoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute lile goti limepoa, na wewe na Baba mnakula mkashiba. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo iliyovunjika. Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitalia, nawe utaninyamazisha kabla sijamaliza.

Unajua Mjomba aliniita huku nije kutengeneza baraza ya mbao ya nyumba ya marehemu Babu. Mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili na sakafu imeanza kubonyea. Dada yako, Mama Mkubwa, anaishi humo peke yake, na miguu haimfikishi tena hata dukani. Hiyo baraza ndiyo mji wake. Hapo anasuka ukili wa mikeka, hapo majirani wanamkuta. Nilifurahi kupita kiasi. Nani hapendi kuaminiwa nyumba ya babu yake?

Sharti la Mjomba lilikuwa moja. "Msumari usitie hata mmoja. Fanya kama mafundi wa kwenu Lamu, ulimi wa ubao huu uingie tundu la ule, ufunge kwa vijiti vya mti." Kichwa kikanivimba. Kumbe Mjomba, na ujanja wake wote wa mjini, anaiheshimu kazi ya wazee! Nikazifungua mbao moja moja, zilizooza nikachonga mpya, na kila kipande nikakitia alama kwa patasi kisipotezane na mwenzake. Baraza ikasimama imara. Mama Mkubwa akashika ukingo kwa mikono miwili, akanibusu kipaji cha uso. "Ndoo uketi nami, mwanangu," akasema. Tukaketi mpaka adhuhuri.

Juma lililofuata nilikwenda Magogoni kumrudishia rafiki randa yake. Kurudi, nakuta lori mlangoni, vijana wanapakia nguzo ya mwisho. Hawakuvunja hata ubao. Wamegonga vijiti vikatoka, na mbao wamezipanga kwa alama zangu mwenyewe. Mjomba ameiuzia hoteli moja ya Shanzu, wageni wapate pa kunywea kahawa. Mama, msumari ulikatazwa ili niwarahisishie kubomoa!

Sasa ukifungua mlango wa mbele, unakanyaga hewa. Mama Mkubwa nilimkuta ndani, kwenye kiti cha plastiki, ukili umemwanguka miguuni. "Wamenambia waenda kuipaka rangi," akasema. "Watairegesha lini?"

Nikamfuata Mjomba kwake. Wala hakuona haya. "Kesho nenda Shanzu ukawasimamishie," akaniambia, "alama ni zako." Nikamwambia wallahi siendi, na nyumba ile ni ya watoto watatu wa Babu, si yake peke yake. Akacheka.

"Kamuulize mamako. Nilimuomba idhini kabla sijakuita wewe, akanipa."

Nikamwita muongo, Mama. Ndugu yako wa tumbo moja, mbele ya mkewe na wanawe, nilimwita muongo, nikatoka bila kuaga.

Nisalimie Baba, na dada yangu pamoja na mumewe, na shangazi wa nyumba ya pili. Mama Mkubwa naye anakusalimu sana. Hajui alichosema Mjomba. Kila asubuhi ananiambia, "Mamako akisikia haya, atakuja."

Nijibu kwa mkono wako. Ulikubali?

Mwanao,
Swaleh