Bastola ya Kupigia Makopo

Kimamba, 8 Machi 1953

Kwa Babu Marijani,

Shikamoo. Mie mzima, sijui nyie huko Keko, wewe na mke wangu Mwamvita niliyekuachia umtunze.

Babu, nina swali la kazi yako. Bwana wangu hapa shamba la katani anataka kununua bastola ya risasi ndogo, ile pointi tuu-tuu, apigie makopo nyuma ya nyumba siku za Jumapili. Kitabu cha duka kimejaa picha, kila moja inajisifu. Nikamwambia babu yangu amefuta bastola za Wazungu miaka kumi na minane kwenye kiwanja cha shabaha kule nyuma ya Msasani. Akasema, "Muulize." Achague ipi?

Likizo yangu ni mwezi wa nne.

Mjukuu wako,
Nassibu


Keko, 15 Machi 1953

Mume mwenzangu Nassibu,

Marahaba. Magoti yananiuma, meno yamebaki manne na hayaonani. Mengine salama.

Mwambie bwana wako asichague kwa picha, picha haina uzito. Achukue yenye mtutu mrefu, shibiri au karibu yake, maana kile kijiti cha mbele na ule ufa wa nyuma vikiachana mbali ndipo jicho linalenga sawa. Ufa wa nyuma uwe na skurubu ya kuusogeza. Ikipiga kushoto aurekebishe, asimlaumu shetani. Iwe nzito, nyepesi inacheza mkononi kama kuku aliyeona kisu. Kifyatuo kiwe laini. Mpini umjae kiganja. Ya kuzungusha risasi ni rahisi kufuta, ya kasha la risasi ni upesi kujaza. Mie mfutaji nasema ya kuzungusha. Na risasi hiyo hugongwa ukingoni, si katikati, kwa hiyo asifyatue tupu, ataharibu kile kidude cha kugongea.

Mke wangu Mwamvita hajambo, tena amenawiri. Kila alasiri anajifunga kanga mpya anakwenda kwa Salumu seremala, anarudi anaimba. Nikiuliza, ananiziba mdomo kwa kitumbua. Naona tumekuwa waume watatu, na wewe ndiye wa mbali. Ukichelewa utakuta tumeshagawana.

Babu yako,
Marijani


Kimamba, 24 Machi 1953

Babu, shikamoo. Mie nipo.

Bwana ameagiza ya mtutu mrefu. Lakini anayo nyingine ya zamani, fupi kama kiganja, imelala kwenye mtoto wa meza ofisini. Hapa nakuuliza mie, si yeye. Inaingia mfuko wa koti bila kuonekana? Sauti yake inafika nyumba ya pili? Na hii risasi ndogo, ikipigwa karibu, inamaliza kazi?

Napanda gari la moshi Jumamosi, tarehe 11 Aprili. Usimwambie mtu.

Nassibu


Keko, 1 Aprili 1953

Nassibu mjukuu wangu,

Marahaba. Leo sina goti wala jino la kukusimulia.

Miaka kumi na minane nimewasikia wapiga shabaha wakichagua. Wanauliza inalenga vipi, mpini ukoje, kifyatuo kizito au chepesi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama inaingia mfukoni. Kopo halikimbii likiona bastola. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikaketi chini. Na salamu za mkeo hukuandika.

Nilitania. Babu gani hamtanii mjukuu kwa mkewe? Toka siku ya harusi namwita mke wangu, nawe unacheka. Salumu ni mzee kunizidi, na mkewe Somoe hukaa naye karakanani kutwa akimsema. Mwamvita anakwenda kusimamia kitanda. Kitanda chenu, cha mninga, alitaka ukikute kimetandikwa. Alinikataza kukuambia. Ulimi ukaniwasha, nikasema nusu, nayo ile nusu mbaya.

Najua hutanisadiki. Aliyetania miaka yote, siku akisema kweli nani atajua? Basi humu nimetia kamba. Ndicho kipimo alichompa Salumu. Hukuwapo upimwe, akafumba macho akakumbuka unavyolala, akapiga fundo la kichwa na fundo la kisigino. Lala chini ujipime. Mwanamke mwenye mtu mwingine hakumbuki kisigino cha mumewe.

Ile fupi iache ilale.

Babu yako


Keko, 12 Aprili 1953

Nassibu,

Jana nilikaa stesheni toka gari lilipoingia mpaka wafagiaji wakanifukuza. Hukushuka. Mwamvita nilikuwa nimempeleka kwa shangazi yake Mbagala, nimemwambia shangazi anaumwa. Wamekutana wote wazima, sasa wananiona mwehu.

Nimeomba usishuke, kisha nikalia kwa kuwa hukushuka. Niandikie hata tusi.

Babu yako


Gerezani, 2 Mei 1953

Babu, shikamoo.

Nimepewa karatasi moja tu. Kamba ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya safari. Bastola ilikuwa tayari chini ya godoro langu. Nikalala sakafuni nikajipima. Asubuhi nikaenda kuirudisha, bwana akanikuta mkono umo ndani ya mtoto wa meza. Nikasema narudisha. Akasema kila mwizi akikamatwa alikuwa anarudisha. Nimefungwa miezi minane. Sikusema niliichukulia nini.

Ukinitania ana kwa ana naona macho yako. Kwenye karatasi sikuyaona. Mwambie Mwamvita yote, mie siwezi.

Kamba imepungua vidole vinne.

Mjukuu wako,
Nassibu


Keko, 16 Mei 1953

Nassibu,

Marahaba. Nimemwambia yote, lako na langu. Siku mbili kitumbua sikukiona. Siku ya tatu akaenda kwa Salumu akamwambia abadili mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, aongeze vidole vinne. Kimekwisha. Amekisimamisha ukutani, hakilalii. Anasema ana maswali mawili, na utayajibu kwanza ukiwa umesimama.

Jana akanihimiza nikutanie kidogo, maana barua yangu isiyo na utani utadhani nimekufa. Nimekaa na kalamu toka alfajiri. Hautoki. Utausikia ukija, macho yangu ukiyaona.

Mkeo anakusalimu.

Babu yako,
Marijani