Moshi kwenye Friza ya Chanceline

Rumonge, Burundi
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Léonard,

Amahoro! Mgongo wako umepona? Na huko Ulaya baridi imewaachia kidogo? Sisi huku tu wazima. Mama sasa anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na Jumapili iliyopita aliimba mpaka watu wakageuka kumtazama.

Barua yako ilinitia hofu. Uliandika kwamba kiwanda chenu cha friza kimepunguza wafanyakazi, chuma kimepanda bei, meli zinazunguka njia ndefu, na washindani wenu wanauza rahisi. Ukauliza kama huku bado kuna mtu anayezitaka friza zenu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mwenyewe sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ni la furaha!

Unajua dukani kwangu nauza friza zenu tu. Basi, mwezi wa pili alinipigia simu Chanceline, yule mama wa Uvira anayenunua samaki aina ya mikeke kwa wavuvi wa Magara. Alikuwa anapiga kelele: "Joanita, kuja uone! Friza yako iko inatoa moshi!"

Nilipofika kwake Magara, majirani walikuwa wameshauzima moto kwa mchanga. Ukuta ulikuwa mweusi, samaki wote wameharibika. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala chumba cha pili. Walimtoa salama, Mungu asifiwe. Chanceline aliponiona akanigeuzia mgongo.

Habari zilifika Rumonge kabla yangu. Watu wakaanza kunirudishia friza, wengine wakaziacha mlangoni bila hata salamu. Sikuweza kuwalaumu. Kaka, nilifikiria kulifunga duka kabisa.

Nikaipigia ofisi ya kampuni yenu kule Bujumbura. Nilidhani watasingizia umeme wetu, maana unakatika na kurudi kwa nguvu, na kila muuza mashine hujifichia hapo. Wakamtuma injinia wao, Cibalonza, mwanamke wa Bukavu, pamoja na mkuu wa mauzo. Cibalonza akaifungua friza palepale ufukweni, wavuvi wamemzunguka. Akakagua waya mmoja mmoja, kisha akamgeukia Chanceline.

"Mama, umeme wenu hauna kosa. Kosa ni letu. Hiki kifaa cha kuwashia mota tulianza kukinunua kwa mtu mwingine ili kupunguza gharama, na hakikutengenezwa vizuri. Utusamehe."

Mkuu wa mauzo akamvuta Cibalonza pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Unajua ulichosema? Tumeziuza kando yote ya ziwa, kutoka Muhuta mpaka Kabonga! Tutazirudisha zote?"

"Zote," akajibu. "Ama unataka tungoje ingine iwake na mutoto ndani ya nyumba?"

Alirudi Bujumbura akijua anaweza kupoteza kazi. Nilimwombea kama ndugu yangu. Kisha tukasikia tangazo redioni: kila mwenye friza ya aina ile aizime, kampuni itampa nyingine. Wakubwa walikuwa wamekubali! Mimi na Cibalonza tukapita nyumba kwa nyumba kando ya ziwa tukizikusanya. Wengine walitufokea, wengine wakatukaribisha chakula.

Friza mpya zilichelewa, maana mafuta ya gari ni shida, na minong'ono ikaanza kwamba tumewadanganya watu. Lakini jana lori limeingia! Vigelegele, honi, wapagazi wanaimba. Na nani alikuwa wa kwanza mlangoni? Chanceline, kitenge amekifunga kiunoni.

"Nipe yangu," akasema. "Na dada yangu wa Kabonga anataka kununua ya kwake. Nimemwambia hawa watu wakikosea wanasema."

Nililia mbele ya wateja, kaka. Naye akanishika mkono.

Sijui kama kampuni yenu itavuka salama. Hasara hii si ndogo, na hayo mengine uliyoyaandika bado yapo. Lakini huku wanazitaka, tena kwa moyo. Waambie wenzako kiwandani.

Msalimie sana wifi Mwavita na watoto. Mama, shangazi Clotilda na Jean Bosco wanakusalimu, na Mama anasema uvae sweta. Murakoze, asanteni kwa maombi yenu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako na awalinde nyote nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Joanita