Siagi Kwenye Mashine ya Tano

Jumapili, 22 Septemba 1974

Nimetoka misa, nimevua viatu, nimekaa na mashine ya tano mpaka saa nane. Baridi ya Gitting haina adabu, vidole vimekufa ganzi. Safu ya nne ya vitufe imelegea. Ya sita bado imeshikwa na kutu. Leo nimetoa ndani manyoya ya kuku, kinyesi cha kuku, na buibui mmoja mzima mzima.

Huyo mlowezi aliyeiacha sijui alikuwa na akili gani. Ngano alivuna, matrekta akauza, mashine ya kujumlisha akawaachia kuku bandani wailalie. Miaka yote hiyo. Mshenzi.

Mafuta ya cherehani yamebaki robo chupa. Napaka kwa unyoya wa kuku, tone moja moja.

Baba mkwe amepita mlangoni mara mbili na ugoro wake. "Vyuma vya mwalimu havijafa bado?" Kila Jumapili swali hilo hilo. Nimejibu bado, baba. Moyoni nimejibu kingine.

Jumatano, 25 Septemba

Darasa la tano, kujumlisha. Hawaelewi kwa nini tisa na moja inamsukuma jirani. Nimepiga chaki mpaka koo limekauka. Nikaenda nyumbani kuchukua mashine ya pili, ile ndogo iliyotupwa na misheni ya Mbulu. Nikawaita mezani kwa zamu. Tisa, ongeza moja, vuta mpini. Gurudumu likageuka sifuri na la pembeni likapanda moja. Darasa zima likacheka kwa furaha. Wameelewa.

Hii ndiyo sababu. Daniel ananiuliza kila siku kwa nini mke wake anakusanya vyuma. Hii.

Baba yangu alitengeneza mashine hizi katika ofisi ya shamba la mkonge kule kwetu Upare. Alikuwa na kipimo kimoja tu. Weka tisa kila safu, ongeza moja, vuta mara moja. Tisa zote zikigeuka sifuri kwa mvuto mmoja, mashine imepona. Hata moja ikikwama, bado inaumwa. Alipokufa kaka zangu walipewa shamba. Mimi nilipewa kopo la bisibisi. Nina hasira nao mpaka leo, ingawa bisibisi ni bora.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimekasirika mpaka kichwa kinagonga.

Amekuja afisa wa Operesheni, hii ya kuhamishia watu vijijini, kutoka Katesh kuangalia mahali nyumba mpya zitakapojengwa kandokando ya barabara. Akaingia nyumbani kwetu bila hodi. Akaziona mashine zangu mezani, zote tano. Akauliza kama nafuga vyuma vya mabeberu. Akasema chuma chochote walichoacha walowezi kinakusanywa, kinakwenda kuyeyushwa, kinatoka majembe. Lori linakuja Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya mkutano.

Nikamwambia nazifundishia hesabu. Akaiangalia ile kubwa ya mabanda ya kuku, ikiwa imefunuliwa matumbo nje, akacheka. "Basi Jumamosi ilete hiyo hiyo mbele ya wananchi. Ikijumlisha, zote zinabaki shuleni. Isipojumlisha, zote zinapanda lori."

Nikasema nilete ndogo, inafanya kazi tayari. Akasema hapana, hiyo hiyo. Anajua anachofanya. Nyoka.

Jumapili, 29 Septemba

Sikwenda misa. Mungu anisamehe, anajua kazi niliyonayo.

Safu ya sita imeachia kwa mafuta ya taa na subira ambayo sina. Sasa springi ya mpini, imekatika. Nimesokota nyingine kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli ya Daniel. Hajajua.

Jumanne, 1 Oktoba

Amejua. Kwenye mteremko wa kwenda kisimani. Hakuumia, ameanguka kwenye nyasi. Ameongea saa nzima. Nimemwacha aongee, ana haki.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tisa zote! Saa kumi jioni, mlango wazi, jua likiingia mpaka mezani. Nikaweka tisa safu zote nane. Nikaongeza moja. Nikavuta. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho, kwa mvuto mmoja. Nimelia kama mtoto. Nimemlilia baba.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, sikumsikia akija. Akauliza kama hii ndiyo itakayokwenda mkutanoni. Ndiyo, baba. Mbele ya watu wote? Mbele ya watu wote. Wazee watakuwepo? Watakuwepo. Akatikisa kichwa, akaondoka. Nilidhani ananicheka. Mzee huyu miaka sita sasa hajawahi kusema neno jema juu ya kitu changu chochote.

Jumamosi, 5 Oktoba

Naandika usiku huu huu.

Asubuhi niliikuta mezani imefunikwa kitenge kama nilivyoiacha. Sikufunua. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Daniel akaibeba mpaka uwanja wa shule. Wingu limekaa juu ya mlima, upepo unakata masikio. Wazee wamekaa mbele kwenye madawati, baba mkwe katikati yao, amevaa blanketi lake jipya. Wanawake wako kwenye nyasi. Lori liko nyuma na injini inaunguruma, mashine zangu nne zimepangwa chini karibu na gurudumu.

Nikafunua. Nikabonyeza tisa ya kwanza. Kitufe kikashuka, hakikurudi. Cha pili vivyo hivyo. Mpini ukaenda nusu ukagoma. Nikavuta tena, mkono ukateleza. Nikanusa vidole.

Siagi. Siagi ya kibuyu, imeyeyushwa motoni ikamiminwa juu ya vitufe, ikashuka mpaka ndani kabisa, na baridi ikaigandisha kwenye kila jino na kila springi. Miezi miwili ya Jumapili zangu.

Afisa akacheka. "Kumbe beberu wako amegoma, mwalimu." Watu wakacheka naye, si wote.

Nikamwangalia baba mkwe. Kidole gumba chake kilikuwa kinang'aa mafuta. Sikufikiri. Nikapiga kelele, uwanja mzima ukasikia: "Mzee hovyo wewe! Umeniharibia kazi yangu yote!"

Wewe. Nilimwambia baba wa mume wangu wewe, na hovyo, mbele ya rika lake. Kicheko kikakatika. Daniel akainamisha uso.

Mzee akasimama polepole. Hakunitazama. Akamwambia afisa, kwa Kiswahili chake kile cha kuchagua neno moja moja: "Mashine si mbovu. Mimi nimeipaka alfajiri. Kwetu kitu hakiendi mbele za watu kikavu."

Akakaa.

Afisa akaanza hotuba kuhusu mila zinazotuchelewesha, akawaambia vijana wa lori wapakie zote tano. Hapo mzee mmoja akanyanyuka, akaja mezani, akagusa vitufe, akanusa. Akaja wa pili. Wakaja wote, mmoja mmoja, wakagusa na kurudi kukaa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku zote humwitikia afisa ndiyo kabla sentensi haijaisha, akakohoa. Akasema kwamba ng'ombe akishapakwa siagi hauzwi wala hachinjwi, na kitu kilichopakwa hakitupwi. Hii inabaki.

Afisa akawatazama. Jumatatu anataka wazee hao hao wabomoe nyumba zao wenyewe bila fujo. Nilimwona anapiga hesabu hiyo bila mashine.

"Basi. Hiyo moja."

Hiyo moja! Nne nyingine hazikupakwa siagi, kwa hiyo hazina wa kuzitetea. Walizirusha juu ya mabati na plau zilizovunjika. Ile ndogo ya misheni ilipiga kengele yake ilipoanguka. Darasa la tano lilikuwa limesimama pale pale, linatazama. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 6 Oktoba

Shikamoo, baba.

Hakuitika. Nikarudia. Akapita na fimbo yake kama amepita mti.

Jumatatu, 7 Oktoba

Wameanza kubomoa nyumba za juu. Vumbi mpaka darasani. Afisa anatembea na daftari lake. Nilipompita alinisalimia kwa adabu kabisa, mwalimu hujambo. Sijambo, nikasema. Potelea mbali wewe na lori lako, sikusema.

Daniel haongei nami ila chumvi iko wapi.

Jumanne, 8 Oktoba

Shikamoo. Kimya.

Jumatano, 9 Oktoba

Daniel amefungua mdomo. Anasema niende kwa baba yake na pombe ya kuombea radhi, nimtafute mzee mmoja wa kunisindikiza na kunisemea. Ndivyo inavyofanyika. Nikamwambia mimi sijatumwa na mtu kutukana, nitajisemea mwenyewe. Akasema huo mdomo wako ndio umetufikisha hapa. Kweli tupu, na imenikera zaidi.

Halafu akasema kitu kingine, akiwa amenipa mgongo. Kwamba maishani mwake amemwona baba yake akipaka siagi mara tatu tu. Daniel mwenyewe, siku anakwenda kusoma Mbulu. Fahali wa mahari yangu. Na mimi.

Nilikuwa nimesahau. Siku niliyoletwa hapa, kabla sijavuka mlango, mzee alinipaka siagi kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Nilikuwa nimetoka Upare na nywele zimechanwa vizuri. Nilisikia ile harufu. Nikageuka pembeni nikajifuta kwa kitenge, nikidhani hakuna anayeona.

Aliona. Sasa najua aliona.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bado nina hasira. Niandike ukweli, hapa hakuna wa kumdanganya. Baraka gani hiyo isiyouliza? Angeuliza ningempa kitenge cha kufunikia akipake hicho. Angepaka mpini tu. Mashine ingejumlisha na zote tano zingebaki. Nne zimekwenda kwa sababu yake.

Na hii moja imebaki kwa sababu yake. Hilo nalo linanikera.

Na nani alimwambia? Miaka sita anauliza vyuma vyangu havijafa bado, nami najibu bado, baba, na kugeuza mgongo. Sikumfungulia hata siku moja nikamwonyesha jino linavyosukuma jino. Watoto wa darasa la tano wanajua. Yeye anaishi nyumba ya pili na hajui kwamba mafuta mazito yanaua mashine.

Maji yakimwagika hayazoleki. Neno lile limemwagika uwanjani mbele ya wote.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa sikubeba pombe. Nilibeba mashine, karai, na chupa ya mafuta ya taa. Nikatandika gunia mbele ya mlango wa baba mkwe, kwenye jua, nikakaa chini. Nikaanza kufungua skrubu.

Akatoka. Akasimama. Nikamwambia bila kuinua uso kwamba nilimkosea, kwamba nilikosa siku ile na nilikosa siku ya harusi. Nikaendelea na skrubu, maana ningemtazama ningelia.

Alikaa kwenye kigoda. Nilipotoa gurudumu la kwanza na kulitumbukiza karaini, siagi ikajitenga ikaelea. Akainama kutazama. Nikamwonyesha jino. Hili likifika tisa linashika hili la pembeni. Siagi ikiganda hapa, halishiki. Akachukua unyoya wa kuku pale guniani. Akaanza kupangusa gurudumu la pili, taratibu, kila jino. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu.

Tulifanya kazi mpaka jua likainama. Nyuma yetu walikuwa wakishusha paa la jirani, nyasi zinaanguka kwa mafungu. Nyumba ya mzee ni ya wiki ijayo. Hakuzungumzia hilo, nami sikuuliza.

Nikaweka tisa zote nane. Nikamwomba abonyeze moja, avute. Akavuta kwa mkono wake wenyewe. Sifuri mpaka mwisho. Akakaa anazitazama.

"Zile tisa zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba kila moja imemsukuma jirani, na ya mwisho haina jirani, imeanguka nje. Akafikiri. Akavuta ugoro. Hakusema imempendeza wala haijampendeza.

Nilikunja gunia. Tulikuwa pamoja tangu mchana, lakini nilisimama mbele yake nikasema shikamoo, baba.

"Marahaba."

Mashine iko mezani, peke yake. Kwenye mpini imebaki alama ya kidole gumba, siagi kidogo. Sikuifuta.