Nilijua Tairi Linagonga

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kutoka Iringa, nisaidie, maana moyo umenijaa na hakuna mtu wa nyumbani ninayeweza kumwambia. Mimi ni mfanyabiashara wa chumvi na vitenge, napeleka bidhaa Idodi siku za gulio, na kwa kazi hiyo nilinunua gari kuukuu lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, nikalipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokihangaikia miaka mingi. Mwaka jana, 1975, baada ya mvua kuharibu barabara ya Idodi, tairi la mbele kushoto likaanza kugonga, ko, ko, kila nikipita shimo au nikikata kona, nikaenda kwa fundi Jailos, mzee mwenye gereji nyuma ya soko, akaliinua gari kwa jeki, akapitisha mtaimbo chini ya tairi akawa analinyanyua, akaniambia niweke kidole kwenye kiungo, nikasikia chuma kinacheza.

"Boljointi imekwisha," akasema. "Hiki ndicho kinacholishika tairi lisilale. Kikichomoka ukiwa barabarani, usukani hautakusaidia kitu."

Spea haikuwapo Iringa wala Mbeya, unajua mwaka ule vitu vya kutoka nje vilivyokuwa haba, na Jailos akasema Uyole kuna gari bovu la aina ile ile kwa Andendekisye, muuza vyuma chakavu, nisubiri wiki mbili mpaka atakapokwenda huko akaangalie kama boljointi zake ni nzima. Mimi sikusubiri, gulio lilikuwa kesho kutwa, nikaenda kwa fundi mwingine, Liberatus, akakata kipande cha tairi kuukuu, akakishindilia ndani ya kiungo pamoja na grisi, sauti ikanyamaza. Naye hakunidanganya, mshauri. Aliniambia, "Hii ni ya wiki moja, kaka, mpaka upate spea." Nikaliendesha miezi minne.

Mwezi wa nane mke wangu Jaha alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, akawa anamlilia mama yake aliye Uyole, na mimi nilikuwa kitandani na malaria, nikamwomba shemeji yangu Makame, mdogo wake Jaha, mwalimu, aliyekuwa likizo kwetu, aende na gari langu akamchukue mama. Alilizungusha kidogo hapo nje, akarudi, akasimama dirishani akaniuliza, "Shemeji, hii sauti ya mbele ni ya nini?" Maana ilikuwa imeanza tena. Nikamjibu, "Sauti ya uzee tu, usiijali." Nilijua nikisema kweli hatakwenda, na mama hatafika, na Jaha ataendelea kulia.

Akiwa bado anakwenda Uyole, kabla ya kufika Chimala, tairi lililala, gari likaacha barabara likaangukia korongoni, na Makame akafa kabla hajafikishwa hospitali. Aliyemtoa ni mfugaji mmoja wa Usangu, Msukuma aitwaye Nkuba, na nilipojikokota na homa yangu nikafika huko alinivuta kando akaniambia, "Hakuwa anakimbia, ndugu yangu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ng'ombe wangu, niliona. Tairi lililala lenyewe." Nilimshukuru, na maneno yake nikayafukia. Msibani Uyole majirani wakasema ndiyo vijana wa siku hizi, mwendo kasi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamisi, akaniuliza mwenyewe, "Baba, mwanangu alikuwa mwendawazimu wa gari kiasi hicho?" Nikainamisha kichwa, naye akachukua kuwa ndiyo.

Jaha alijifungua mtoto wa kiume tukampa jina la mjomba wake, na kila akimwita yule mtoto mimi hutoka nje. Sasa wiki iliyopita mama ametuma kwa basi cherehani yake, ile ile anayoishi kwayo, na ujumbe kwamba mwanawe aliniharibia gari la riziki, niiuze nilitengeneze, nimsamehe marehemu asilale na deni. Jaha anasema mama amefanya vyema. Cherehani iko chumbani na kamba zake, sijaigusa. Je, niirudishe nikiwa na kisingizio tu, au niseme kweli nimpoteze mke na mtoto? Na gari nalo, bodi inanyosheka, lakini kile kiungo nikifanyeje kwa uwezo wangu mdogo?

Muhidini, Iringa

JIBU LA MAMA VEREDIANA

Muhidini, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili nililia, ya tatu nikakasirika.

Pole kwa msiba. Hukukusudia kumwua shemeji yako, hilo nalijua, na homa haikuwa kosa lako. Lakini kijana alisimama dirishani akakuuliza, na roho yake ilikuwa imo ndani ya jibu lako. Ukamnyima. Kisha akiwa kaburini ukamvika kosa lako, na leo mama yake anatoa riziki yake iuzwe ili kumwombea msamaha mtu asiyekosa. Hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ya pili unaifanya kila siku asubuhi ukiwa mzima wa afya.

Nianze na gari, maana wasomaji wengi wana magari ya namna hiyo. Nimemwuliza fundi mmoja ninayemwamini. Anasema tairi likigonga, weka jeki chini ya mkono wa chini unaobeba springi, tairi lining'inie, ulishike juu na chini ulitikise. Mwenzako akanyage breki. Kama mchezo unakwisha, tatizo ni beringi. Kama haukwishi, pitisha mtaimbo chini kama alivyofanya mzee Jailos, na macho yatazame kiungo. Boljointi ya gari bovu si aibu, mradi iwe ngumu kuizungusha kwa mkono na mpira wake usiwe umepasuka. Badilisha pande zote mbili, nati ifungwe kwa pini mpya, na grisi usiisahau. Kushindilia mpira ni kuinyamazisha sauti, ugonjwa unabaki pale pale. Na mpaka kiungo kipatikane, gari lisimame. Ungesubiri wiki mbili tu, Muhidini.

Sasa nyumbani. Mwambie Jaha leo, si kesho, mtoto akiwa amelala na mlango umefungwa. Mwambie swali la Makame na jibu lako, neno kwa neno, usilipunguze. Unaogopa ataondoka. Huenda akaondoka. Na aondoke akijua, kuliko kukaa na mtu asiyemjua.

Kisha panda basi uende na cherehani. Shuka Chimala, umtafute Nkuba, umwombe kwa heshima afuatane nawe hadi Uyole. Akikataa kwa sababu ya ng'ombe wake, kaa pale mpaka apate nafasi. Bi Mwanakhamisi anahitaji maneno ya mtu yule kuliko fedha yoyote. Waite na wale majirani waliosema mwendo kasi, wayasikie.

Ukifika, usianze na homa, wala mvua, wala spea zilizokosekana. Wala msamaha usiuombe siku hiyo. Mwambie mama kwamba mwanawe aliendesha vizuri, na kwamba wewe ulijua. Halafu nyamaza, umwache alie.